Kalamu Nyekundu ya Mulei

Wote,
13 Januari 2024

Mpendwa Mama Mutindi,

Nakusalimu wewe, mtoto wetu, na Mama. Mimi ni mzima.

Zamu yako imefika. Siku nilipoacha ualimu nikaenda kusomea sheria, tulipatana hivi: mimi nitangulie, wewe ubaki Mutomo ushike nyumba na mama yangu, nikimaliza, tubadilishane. Sasa nina meza yangu katika ofisi ya wakili hapa Wote, na mtihani wa kuingia kitivo cha sheria ni Julai. Sioni la kungojea.

Nimekuwekea karatasi za miaka iliyopita. Mwongozo wa kusahihisha nimebaki nao, maana nakujua, macho yako yangetangulia mkono. Sasa sikiliza. Usisome sheria. Wengi huanguka kwa kukariri Katiba, na mtihani wenyewe hauulizi hata kifungu kimoja. Unataka kujua kama unaweza kusoma habari ndefu ukatambua mwandishi amesema nini na nini hakusema. Kama unaona hoja inapovuja. Kama unaweza kuandika insha ya kutetea upande mmoja bila kupiga kelele. Karatasi ya kwanza ifanye bila saa. Zinazofuata, weka saa mezani. Ukikosa mahali, usiandike jibu sahihi tu, andika ni kitu gani kilikupoteza. Na ulale, tafadhali. Kichwa kisicholala hakifikirii.

Ukimaliza nitumie nisahihishe. Tuandikiane hivi hivi kwa mkono. Mtihani ni wa kalamu, na sisi vidole vyetu vimezoea simu. Simu tuiachie salamu.

Wako,
Mulei


Mutomo,
28 Januari 2024

Mpendwa Baba Mutindi,

Karatasi ya kwanza hii hapa. Nimeifanya shuleni baada ya wanafunzi kwenda nyumbani, chumba cha walimu kikiwa kitupu. Mwalimu Wariara alinikuta nimeshika kichwa akauliza kama nimefiwa. Nilipomweleza alicheka, kisha akanipa kiti chake kile chenye mto.

Mama ndiye amekuwa askari wangu. Mutindi akitaka kuniita anamwambia, "Wacha mama yako, anakuwa wakili." Majuzi jirani alikuja kuomba chumvi, akamwambia hivyo hivyo mlangoni, na chumvi akasahau kumpa.

Nitakwambia ukweli, naogopa. Ni miaka mingi nimekuwa yule anayesahihisha wengine. Lakini ni wewe unayeshika kalamu nyekundu, kwa hivyo naogopa nusu.

Wako,
Mbinya


Wote,
10 Februari 2024

Mpendwa wangu,

Sitini na nne! Wanaingia kwa sitini, na hii ni ya kwanza.

Swali la mbuzi walioingia kwenye shamba la ndengu: umeandika kwamba mwenye mbuzi alijua ua umeanguka. Rudi usome. Habari haikusema alijua. Ilisema jirani alijua. Wewe umemhukumu mtu kwa kosa la jirani yake, na hapo nimekukata. Lakini insha ya kisima! Nimeisoma mara mbili. Pale unaposema kwamba kijiji kinachochimba kisima bila kukubaliana nani atakifunga usiku kimechimba ugomvi, niliinuka nikamsomea wakili mkubwa. Akauliza, "Huyu ni nani?" Nikasema, "Ni mke wangu."

Endelea hivyo. Upunguze maneno mawili mawili ya mwanzo, unapiga hodi sana kabla ya kuingia.

Wako anayejivunia,
Mulei


Mutomo,
17 Machi 2024

Mpendwa Baba Mutindi,

Leo Mama ameshika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Upande wa kulia bado, na maneno yanatoka nusu nusu, lakini daktari alipomruhusu kutoka alisema kiharusi hiki kingekuwa kibaya zaidi. Namgeuza kitandani kila baada ya muda kama walivyonifundisha wodini, ili mgongo usichubuke. Asubuhi jirani anakaa naye nikiwa darasani.

Asante kwa kuja, wewe na ndugu zako Kyule na Ndunge. Nilipobaki hospitalini naye, Ndunge aliniambia kwa simu kwamba mmeketi kwake Kilungu mkaelewana kuhusu Mama. Sikuuliza mmeelewana vipi. Najua mtapeana zamu, na mimi Julai ikifika nitakuwa na nafasi ya kwenda.

Karatasi mbili hizi. Ya pili niliifanya nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake. Alinitazama muda wote, na nilipoweka kalamu chini akapiga shuka kwa mkono wake mzima, kama anapiga makofi.

Wako,
Mbinya


Wote,
2 Aprili 2024

Mpendwa Mbinya,

Nimepokea. Ya kwanza ni arobaini na tano, ya pili arobaini na moja. Hoja zimelegea. Huenda ni uchovu. Usijilaumu, una mzigo mkubwa hapo nyumbani na sote tunaona unavyoubeba. Kyule anasema hakuna mke kama wewe ukoo mzima.

Msalimie Mama. Kazi ni nyingi, Pasaka sikuweza kufika.

Mulei


Mutomo,
21 Aprili 2024

Mpendwa Baba Mutindi,

Nimeona alama nikakaa nazo. Mama aliniuliza, "Ngapi?" Nikamdanganya kwamba nimepita. Sijawahi kumdanganya Mama.

Nimeacha kwaya. Nimeacha kwenda sokoni Alhamisi, namtuma jirani. Nimefanya tatu zaidi, zote kwa saa, na kila moja nimeisoma upya kabla ya kuifunga. Nakuomba kitu kimoja, nionyeshe ni wapi. Mara ya kwanza uliniambia mbuzi, ukaniambia jirani, nikaelewa. Hizi za juzi umeandika tu "zimelegea". Nimesoma nakala nilizobaki nazo mpaka macho yakauma nikitafuta mahali zilipolegea, sipaoni, na hilo linaniogopesha kuliko alama zenyewe. Mtu asiyeona kosa lake atalirekebishaje?

Mbinya


Wote,
6 Mei 2024

Mpendwa Mbinya,

Arobaini na tatu, thelathini na tisa, arobaini. Imeniuma kuziandika.

Hebu nikuambie kama mume wako na si kama mwalimu. Usajili unafungwa mwisho wa mwezi huu. Usijisajili. Ukianguka, jina lako litabaki kwao chuoni na utajiona mdogo mbele ya wanafunzi wako. Tungoje mwakani, au mwaka mwingine. Na hata isipowezekana, si kila mtu ameumbwa kwa kazi hii. Wewe una kipaji cha kulea ambacho mimi sina. Mama anakula kwa sababu ya mkono wako.

Nakupenda.

Mulei


Mutomo,
11 Mei 2024

Baba Mutindi,

Nimesikia. Sitabishana nawe, wewe ndiwe unayejua.

Ila karatasi hii moja nilikuwa nimeshaiandika. Nisahihishie kwa mara ya mwisho, nijue nilipofikia, kisha niziweke zote chini ya kitanda.

Mbinya


Wote,
19 Mei 2024

Mpendwa Mbinya,

Thelathini na nane. Hoja hazina mifupa, insha inazunguka tu, na mwandishi hakuelewa swali. Naona uamuzi wetu ulikuwa wa busara.

Mwambie Mama nitafika mwezi ujao.

Mulei


Mutomo,
26 Mei 2024

Mulei,

Umejipa thelathini na nane.

Karatasi hiyo si yangu, ni yako. Uliifanya mwaka ule ulipokuwa ukijiandaa, na mwalimu wako akakupa themanini na moja, akaandika chini, "Huyu atafika." Mimi niliinakili neno kwa neno kwa mwandiko wangu. Hata pale ulipokosea jina la mlalamikaji katikati ya insha, nilikuachia kosa lako. Nilifikiri utalitambua, tucheke. Kweli nilifikiri hivyo. Nilipoipeleka nilikuwa bado nakuombea uitambue.

Utataka kujua ilianzaje. Barua yako ya kuniambia nisijisajili niliisomea chumba cha walimu, na nikashindwa kuficha machozi. Mwalimu Wariara akaniambia, "Lete hizo karatasi nizione." Anafundisha Kiingereza, amesahihisha mitihani ya taifa miaka na miaka. Alisoma moja yote, akachukua ya pili. Kisha akavua miwani.

"Mbinya," akasema, "huyu anayekusahihisha umemkosea nini?"

Nilimkasirikia, Mulei. Nilisimama nikamwambia huyo ni mume wangu na ni wakili na anajua kitu ambacho wewe wa Murang'a na sarufi yako hujui. Nikakusanya karatasi nikaondoka. Nilikutetea mpaka nyumbani. Jioni nikafungua katoni yako ya vitabu, natafuta kamusi nimwonyeshe kesho yake kwamba amekosea, na karatasi yako ikawa ndani ya kamusi.

Msahihishaji mkali ningemsamehe. Hata anayenionea ningesema angalau alinisoma akanionea. Wewe hukusoma. Ulichukua kalamu nyekundu ukaandika namba, ukafunga bahasha. Mimi huku nimekaa na zile namba kila siku, nasimama mbele ya Kidato cha Tatu nikijiuliza kama ninastahili kuwafundisha. Niliacha kwaya kwa sababu niliona aibu mbele ya Mungu kuimba, mtu mjinga hivi.

Ijumaa Wariara alinisindikiza mpaka duka la huduma za mtandao nikajisajili. Nilimwomba msamaha kwanza.

Sasa niambie sababu. Usinipigie. Andika.

Mbinya


Wote,
5 Juni 2024

Mpendwa wangu Mbinya,

Sina uso wa kukuandikia, lakini umesema niandike.

Ulipokuwa hospitalini tulikaa kwa Ndunge. Kyule akasema nyumba yake Kalamba ni ndogo na mkewe hapatani na Mama, unajua. Ndunge ana mapacha wananyonya. Mimi nakaa chumba kimoja hapa. Wakaniuliza, "Mbinya akienda, nani atamgeuza Mama?" Nikasema mniachie mimi.

Na si sisi tu. Mama mwenyewe aliniomba. Siku ile wodini alinishika mkono kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akaniambia, "Usimwache Mbinya." Ningefanya nini? Ni mama yangu, nilidhani anakufa. Ningekukatalia waziwazi ungenichukia, na ungekuwa na haki. Nikaona ukijiona mwenyewe kwamba hujafika, utatulia, na haitakuuma sana.

Sikufanya kwa ubaya. Nilikuwa naziweka bahasha zako kwenye droo nikiogopa kuzifungua vizuri. Ningezisoma, nisingeweza kuandika namba zile.

Nisamehe, Mama Mutindi.

Mulei


Mutomo,
16 Juni 2024

Mulei,

Barua yako ilinifanya niwe mtu mbaya kwa siku kadhaa. Nilimlisha Mama bila kumtazama. Nilimgeuza kama mtu anageuza gunia. Nilikuwa najiambia, huyu mwanamke aliniita binti yake, akawa askari wangu mlangoni, kumbe alikuwa ananifunga kwa mguu kwa siri. Kwa uso ule ule wa kupiga shuka.

Yeye ndiye aliyeanza. Nilikuwa namfunga kitambaa kichwani akanishika kidole.

"Mbinya. Mkono wako... umekuwa mzito. Nimekukosea?"

Sikutaka kusema, lakini nilisema. Nikamwambia yote, alama, karatasi, kikao cha Kilungu, na maneno aliyokwambia wodini. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikasema, "Ulimwambia asiniache niende."

Akatikisa kichwa. Unajua sasa anavyohangaika na maneno, anayavuta moja moja kama ndoo ya maji. Akasema, "Asikuache. Wewe. Asikuache wewe." Nikamwambia, ndiyo, nibaki hapa. Akakasirika, akapiga kitanda. "Hapana! Nilimwambia... mke wako amesimama na wewe. Sasa wewe simama na yeye. Usimwache peke yake!" Kisha akalia, na mimi nikalia, na Mutindi akaja akatukuta hivyo akaanza kulia bila kujua sababu.

Baadaye akaniuliza, "Alisikia hivyo kweli? Ama alitaka kusikia hivyo?"

Mimi nadhani ulitaka. Wewe ndiwe uliyenifundisha kuuliza mwandishi amesema nini na nini hakusema. Mbele yako palikuwa na mama mgonjwa aliyesema maneno mawili, ukachagua maana iliyokufaa, kisha ukamfanya shahidi wako kwa sababu ulijua hana ulimi wa kukukanusha. Yeye analia kuliko mimi. Anasema umemtumia yeye kuwa kamba.

Kyule na Ndunge nimewapigia mwenyewe. Hawakujua habari ya alama. Walidhani uliniuliza nikakubali. Usiniandikie tena mpaka baada ya mtihani.

Mbinya


Wote,
29 Julai 2024

Mpendwa Mbinya,

Najua umesema nisiandike mpaka baada ya mtihani, na umeisha.

Nilikuja Kitui siku ile ya mtihani. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikakuona unaingia langoni na Mwalimu Wariara, umeshika chupa ya maji na kalamu mbili. Nilitaka kuvuka. Sikuvuka, nikaogopa nitakuharibia kichwa. Nilisimama hapo mpaka mlipotoka, na bado sikuvuka.

Karatasi zako zote nimezisoma sasa. Kila moja, polepole. Sabini na moja, sabini na sita, sabini na tatu, sabini, sitini na nane. Nimeandika maoni pembeni, kila mahali. Ile ya kando ya kitanda cha Mama ndiyo bora kuliko zote. Nimezifunga pamoja na barua hii.

Niambie nifanye nini nitafanya.

Mulei


Mutomo,
25 Agosti 2024

Mulei,

Nimepita. Ujumbe ulikuja tukiwa mapumziko ya chai. Wariara alipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini akidhani kuna nyoka. Walimu waliniinua kwenye kiti, wakaimba. Na mimi, katikati ya kuimbiwa, mkono wangu ukaenda kwenye simu kukuambia. Nilikuwa nimeshatafuta jina lako ndipo nikakumbuka. Miaka yote hii kila kitu changu wewe ndiwe uliyekuwa wa kwanza kukisikia. Sasa sina wa kwanza.

Alama zako mpya nimeziona, na maoni ya pembeni nimeyasoma. Ni maoni mazuri. Lakini sijui kama sabini na sita ni ya kweli au ni ya huruma, na sitajua. Hilo ndilo ulilonifanyia. Hata ukinisifu sasa, siwezi kupumzika ndani ya sifa yako.

Nimepewa likizo ya masomo. Tunaondoka Jumamosi, mimi na Mutindi, nimemtafutia shule karibu na chuo. Usije kutusindikiza. Habari ya ndoa sitaisema leo, maana nikiisema nikiwa hivi nitasema neno lisilorudi. Ukitaka kumwona mtoto, mwone. Yeye hajui na mimi sitamwambia.

Mama anakwenda Kilungu. Ndunge amepata msichana wa kumsaidia na mapacha, na Kyule ameahidi kupeleka chakula kutoka Kalamba, tutaona. Baada ya Krismasi ni zamu yako, hilo wamekubaliana bila kukungojea. Nguo zake nimezikunja. Dawa nimemwandikia Ndunge jinsi ya kumpa.

Lakini Mama hataki kutoka. Anasema haendi Kilungu na gari la kukodi kama mzigo, anakwenda na mwanawe. Gari likipita barabarani anainua kichwa, ananiuliza kama ni wewe. Zamani ningemwambia una kesi, uko mahakamani, umetuma salamu, wiki ijayo unakuja. Nimekusemea hivyo miaka mingi, salamu nyingine ulizituma na nyingine nilizitunga mwenyewe.

Jana aliuliza tena. Nikamwambia, "Sijui, Mama. Muulize mwenyewe." Nikakupigia, nikaiweka simu sikioni mwake upande ule mzima, nikatoka nje nisisikie mnayosema.

Niliporudi bado alikuwa ameishikilia. Ilikuwa imeita mpaka ikanyamaza.

Mbinya